Mpira wa Klachi

Kwi. Kimya. Kwi.

Mama Chembe alifumbua macho gizani akasikiliza. Hakuwa panya, panya hana subira ya namna ile. Ulikuwa ubao wa miguuni mwa kitanda, ukilia kila mume wake alipousukuma kwa mguu wa kushoto. Mwenyewe alikuwa amelala fofofo, anakoroma, na bado mguu ulikuwa kazini: unasukuma ubao, unashikilia, unaachia. Mtu anakanyaga klachi usingizini.

"Baba Chembe." Alimtikisa bega. "Wewe, utatuvunjia kitanda. Umefika wapi na hilo gari?"

Fundi, mumewe, aliketi ghafla, akajipangusa mate. "Haiingii rivasi," alisema, kabla hajaamka sawasawa. Kisha akatambua alipo, akacheka kidogo, cheko la aibu. "Kumekucha?"

"Bado kidogo. Lala."

"Nilale vipi? Saa tatu Daktari yuko hapa."

Gari lenyewe lilikuwa nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, maana vyumba vyao viwili vilikuwa nyuma ya gereji, na gereji na vyumba vyote vilikuwa mali ya Mjomba, mjomba wa Fundi na bosi wake. Lilikuwa gari jekundu la mbio, dogo, la viti viwili, lililozaliwa kabla ya Mama Chembe. Mwenye gari alikuwa daktari wa meno, na mafundi walikuwa wamekwisha kumtania vya kutosha kwa kuwa na gari linalosaga meno. Kwa maana ndivyo lilivyofanya. Ukanyage pedali mpaka sakafuni, klachi haiachii. Gari linajikokota mbele lenyewe, na ukitafuta rivasi linatoa mlio wa kukata tumbo. Wiki tatu zilizopita Mjomba aliagiza klachi nzima ibadilishwe. Ikabadilishwa, Daktari akalipa bila kubisha, akaondoka. Jana akarudi na ugonjwa uleule.

Na jana ndiyo iliyokuwa imemkaa Mama Chembe kooni.

Alikuwa uani anaanika nguo, Chembe akimpa vibanio kimoja kimoja, Daktari alipoingia na binti yake kwenye kiti cha pili, msichana wa miaka kama ishirini mwenye miwani. Mjomba hakufungua hata boneti. Alizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kisha akasimama akaviangalia viatu vya yule binti.

"Daktari, nikuambie ukweli kama ndugu yako? Klachi hii imeungua. Na klachi haijiunguzi. Kuna mguu."

"Mguu gani?"

"Mguu wa mtu anayeipumzisha juu ya pedali kama yuko sebuleni. Nani mwingine anaendesha gari hili?"

Daktari aligeuka taratibu. Binti akasema, "Baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Mguu siweki pale, unajua."

"Lete funguo."

"Baba..."

"Lete funguo! Kuanzia leo gari langu utaliangalia kwa mbali kama picha ya ukutani. Na nyumbani utarudi kwa miguu. Hiyohiyo miguu yako isiyo na akili."

Mafundi walicheka. Si kwamba lilichekesha. Mjomba alicheka kwanza, na pale gereji kicheko cha Mjomba kilikuwa amri. Binti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena, akatoka nje ya geti bila kutazama mtu. Chembe alibaki na kibanio mkononi.

"Mama, amefanya nini?"

"Hakuna. Lete kibanio."

Jioni giaboksi liliposhushwa, diski ya klachi ikawekwa juu ya meza ya kazi, safi, haina hata harufu ya kuungua. Mama Chembe alikuwa amepeleka chai. Akainama kuitazama, akahisi masikio yanapata moto. Ribiti zote, vile visumari vinavyobana bitana ya diski, zilikuwa za shaba nyekundu isipokuwa mbili nyeupe. Yeye ndiye aliyezitia zile mbili nyeupe, kwenye meza yake mwenyewe ya kulia chakula, usiku ribiti za shaba zilipomwishia. Kubandika bitana mpya kwenye diski chakavu kulikuwa kibarua chake. Mjomba humletea, yeye hugonga ribiti, humrudishia. Hii aliambiwa ni ya pikapu ya mkaa. Daktari alikuwa ameuziwa kama diski mpya ya kwenye boksi.

Alimtazama mumewe. Mumewe akatazama chai.

*

"Mjomba amesemaje?" aliuliza sasa, akitafuta kiberiti.

"Amesema nirudishe giaboksi kama lilivyokuwa, na nimerudisha. Daktari akija nimwambie tumetia diski nyingine mpya. Alipe mara ya pili."

"Na gari likiendelea kusaga?"

"Nimwambie binti amepindisha na uma wa ndani unaosukuma klachi, kwa hiyo iko kazi nyingine." Fundi alijikuna kichwa kwa mikono miwili. "Hajaniruhusu hata kutafuta ugonjwa. Kila nikisema labda si diski, ananiambia nani bosi hapa."

Mama Chembe aliwasha taa. "Inuka."

"Twende wapi?"

"Tukautafute. Kabla hajaja."

"Peke yangu siwezi. Anatakiwa mtu wa kukanyaga pedali nami niwe chini."

"Kwani mimi sina mguu?"

Walitoka kimyakimya, Chembe bado amelala. Hewa ilikuwa ya baridi na ardhi ya gereji nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Fundi alinyanyua gari kwa jeki, akaweka vigingi, akajilaza kwenye kadibodi akapotea chini na tochi. Mama Chembe alijikunja ndani ya kile kiti cha chini, magoti karibu na kidevu. Kulinukia ngozi na kitu kitamu kama dawa ya meno. Aliwaza kwamba yule binti alikaa hapahapa, akaweka mguu hapahapa.

"Kanyaga!" sauti ilitoka chini. "Mpaka mwisho."

Alikanyaga. Pedali ilizama laini mno, kama kukanyaga mkate.

"Achia. Kanyaga tena. Kafimbo ka silinda ndogo ya klachi kanatakiwa kutoka upana wa kidole. Kanatoka nusu kidole tu."

"Basi mafuta yanavuja."

"Pakavu kabisa huku. Sioni tone." Tochi ilihamia upande wa pili. "Labda upepo umeingia kwenye mafuta. Lakini nilishautoa jana. Kanyaga. Shikilia hapohapo usiachie."

Alishikilia mpaka paja likaanza kutetemeka. Kisha akamsikia mumewe akicheka, cheko ambalo hajalisikia tangu walipohamia pale.

"Mama Chembe! Achia halafu uje uone. Hapana, usije, kanyaga tena. Achia. Kanyaga. Mama yangu wee!"

"Nini?"

"Mpira! Mpira wa kupeleka mafuta kwenye silinda. Ukikanyaga unavimba. Unavimba kama koo la chura!"

Ikabidi wabadilishane. Yeye akalala kwenye kadibodi, mumewe akakanyaga, naye akajionea kwa macho yake: kipande cha mpira kisichofika urefu wa shibiri, kizee, chenye nyufa ndogondogo. Kila pedali ilipozama kilitunga tumbo, na ilipoachiwa kikasinyaa. Nguvu zote za mguu zilikuwa zinaishia mle, kwenye kule kuvimba, hazifiki mbele. Giaboksi limeshushwa mara mbili. Mtoto wa watu ametembezwa kwa miguu barabarani mbele ya wanaume wanaocheka. Kumbe ni hiki. Alikitazama kikivimba na kusinyaa, akasikia kinyaa, kama mtu aliyefunua chungu akakuta kitu kinatembea.

*

Fundi wa mipira ya presha wa barabara ya pili alifungua saa moja. Mama Chembe alikuwa mlangoni kwake tayari, mpira mzee kwenye gazeti mkono mmoja, Chembe mkono wa pili, nywele za mtoto hazijachanwa. Mpira ukapimwa, mwingine mpya ukakatwa, vichwa vikabanwa kwa mashine. Alilipa kwa pesa aliyoitenga ya raba za Chembe, na chenji ikarudi.

"Ndio huo tu?" aliuliza, ameshika mpira mpya.

"Ulitaka uimbe?" alisema mwenye duka.

Walipoufunga, kazi iliyobaki ilikuwa kutoa upepo. Fundi chini na spana na kikopo, mkewe juu.

"Kanyaga. Shika. Achia."

"Mbona nakanyaga hewa?"

"Ndiyo tunaitoa. Kanyaga. Shika... shika, usidanganye!"

"Sidanganyi, ni mguu wangu mfupi."

"Nilikuoa ukiwa na miguu mirefu."

"Uliniona nimepanda jukwaa."

Chembe, aliyeketi juu ya tairi, alicheka mpaka akajishika tumbo ingawa hakuelewa. Pedali ilianza kuwa ngumu, ngumu ya kupendeza, inayosukuma mguu kwa heshima. Fundi alitoka chini akapiga starti, akakanyaga, akavuta rivasi. Gia iliingia bila sauti yoyote. Akaitoa, akaitia tena, akaitoa. Akamtazama mkewe kupitia dirisha na macho yalikuwa yamelowa, mwanamume mzima, kwa sababu ya gia.

Mama Chembe aliutundika mpira mzee msumarini juu ya meza ya kazi. Alitaka Daktari auone.

*

Mjomba alinukia kabla hajaonekana. Mafundi walimwita Marashi akiwa hayupo. Siku hiyo alivaa suruali ya rangi ya maziwa, iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata kidole.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, marahaba. Nasikia mmekesha na gari." Aliingia ndani mwenyewe, akajaribu gia zote. Uso ukakunjuka. "Safi! Mnaona? Niliwaambia."

"Siyo diski, Mjomba," Fundi alisema. Furaha ilikuwa bado haijamtoka, akazungumza haraka kama mtoto. "Ulikuwa mpira wa mafuta. Umezeeka ndani, ukikanyagwa unavimba. Huu hapa. Tumetia mpya, na gari limepona."

Mjomba aliutoa mpira msumarini. Akauminya kwa vidole viwili, akauchungulia tundu, kisha akautia kwenye mfuko wa suruali.

"Mpira gani?" aliuliza.

Fundi akaonyesha ule mfuko kwa kidole.

"Mimi sijaona mpira. Daktari akija utamwambia diski mpya ya pili imetiwa na gari limepona. Na binti asiliguse tena, litaungua. Umesikia?"

"Lakini Mjomba, hakuna diski ya pili."

"Nimekuuliza umesikia."

"Nimesikia."

"Ndivyo." Alimgeukia Mama Chembe, akatabasamu. "Na wewe, mkwe wangu, hivi vyumba sikuwapeni kwa uzuri wa sura zenu. Kuna watu wawili wameviulizia wiki hii." Akainama akamfinya Chembe shavu kwa vidole vilevile. "Mtoto mzuri huyu. Amekula?"

Alipokwenda ofisini, shavuni mwa Chembe palibaki alama mbili za mafuta. Mama yake alizifuta kwa ncha ya gauni, akafuta tena, akatema mate kwenye kitambaa akasugua mpaka mtoto akalia, "Mama, unaniumiza."

Ndani, Fundi aliketi mbele ya chai. Alichovya mkate, ukakatika, akauvua kwa kidole.

"Utasema hivyo?" mkewe alimwuliza.

"Unataka nisemeje? Unataka tukalale wapi?"

"Sijui."

"Hujui. Basi."

"Yule binti hakufanya kitu, Baba Chembe."

"Ana baba mwenye pesa. Kesho atanunuliwa kitu kingine, atasahau. Sisi nani atatununulia chumba?" Alikula ule mkate uliolegea, mafuta ya spana bado yako kwenye kucha, na chai ikamtiririka kidevuni.

Mama Chembe alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alimwonea kinyaa. Mtu huyuhuyu aliyelowa macho kwa ajili ya gia. Halafu akakumbuka zile ribiti mbili nyeupe, na jinsi jana alivyotazama kamba ya nguo badala ya kumtazama yule binti usoni. Kinyaa kikageuka kikamrudia mwenyewe. Alimwaga chai yake nje.

*

Saa tatu kamili Daktari aliingia, na hakuja peke yake. Alimleta binti yake, amemshika kiwiko kama mwizi.

"Nimemleta asikie kwa masikio yake," alisema. "Usiku kucha ananiambia si yeye. Haya, Fundi. Mwambie alichoharibu."

Mafundi waliacha spana. Mjomba alisimama kando, mkono mmoja mfukoni, ananukia. Mama Chembe alikuwa mlangoni mwa chumba chake, Chembe mbele ya magoti yake.

Fundi alifuta mikono kwa tambara. Akaifuta tena. "Klachi," alisema, "klachi iliungua."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu... mguu. Ukikaa juu ya pedali."

"Umesikia?" Daktari alimtikisa binti kiwiko. Binti hakulia. Alimtazama Fundi tu, moja kwa moja kupitia ile miwani, mpaka Fundi akainamisha kichwa.

"Haikuungua," alisema Mama Chembe.

Hakupaza sauti, lakini kelele zote za gereji zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mjomba alicheka. Safari hii hakuna aliyemfuata.

"Mkwe, rudi jikoni."

"Haikuungua, Daktari. Ulikuwa mpira wa mafuta uliochoka. Mimi nimekanyaga pedali mwenyewe alfajiri, na nimelala chini nikauona unavimba. Angekanyaga binti yako, ungekanyaga wewe, angekanyaga nani, ungevimba vilevile."

"Uko wapi huo mpira?"

"Uko kwenye mfuko wa Mjomba."

Watu wote walitazama. Mafuta ya klachi hayana haya; yalikuwa yamelala kwenye tundu la ule mpira, na sasa yalikuwa yameingia kitambaani polepole, na kwenye suruali ya rangi ya maziwa, kuanzia mfukoni mpaka katikati ya paja, palienea doa la unyevu la manjano, umbo la mtu aliyejikojolea. Mjomba alitazama chini. Akautoa mpira, akaushika kwa ncha za vidole.

"Ndio nilikuwa nakuja kukuonyesha, Daktari," alisema.

"Na diski?" Daktari aliuliza polepole. "Nimelipia diski mpya."

"Hiyo mpya nimeibandika mimi, mezani kwangu," Mama Chembe alisema. "Ina ribiti mbili nyeupe. Sikujua ni yako. Jana nikajua, na sikusema."

Daktari alimgeukia Fundi. "Diski ya kubandika. Itadumu hiyo, au itanitupa barabarani?"

Fundi aliinua kichwa. "Akishagonga yeye, inadumu," alisema. Ndiyo ilikuwa kweli yake ya kwanza tangu Daktari aingie, na aliisema akimtazama mkewe.

Mama Chembe alidhani sasa kutalipuka kitu. Alimvuta Chembe karibu. Badala yake Daktari na Mjomba walisogea pembeni ya gari, vichwa karibu karibu, wakaongea kama watu wanaochagua kitambaa. Mara Mjomba akagusa moyo wake. Mara Daktari akatikisa kidole, lakini kidole cha kirafiki. Malipo ya pili yakafutwa. Ya kwanza yakarudishwa nusu. Na gari lingine la Daktari, kubwa, la kwendea kliniki, lingehudumiwa bure mpaka mwisho wa mwaka. Walipeana mikono, Daktari akacheka kwa sababu ya suruali, na Mjomba akacheka pia, akijipiga paja lenye doa.

"Mambo ya kazi haya," Daktari alisema. "Yamekwisha."

Njiani kuelekea ofisini Mjomba alipita karibu na Mama Chembe, bado anatabasamu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Jumamosi nataka vyumba vyangu."

"Utavipata," Mama Chembe alijibu. Mumewe alikuja akasimama kando yake, bega kwa bega, bado na tambara mkononi.

Daktari alifungua mlango wa gari lake jekundu, akapapasa usukani. Binti alikuwa bado amesimama palepale alipoachwa, katikati ya ua.

"Baba," alisema. "Kwa hiyo sikuwa mimi."

"Panda twende."

"Nasema, sikuwa mimi."

Daktari aliangaza kushoto na kulia, kwa mafundi, kwa Mjomba aliyekuwa mlangoni mwa ofisi, uso umeingia wekundu. "Tutaongea nyumbani," alisema kwa kunong'ona. "Usinitie aibu mbele za watu."

Binti alikwenda akafungua mlango wa upande wa pili. Daktari alipiga starti. Rivasi iliingia laini, gari likaanza kurudi nyuma bila sauti, na mafundi wakaokota spana zao.

Ndipo Chembe alipojichomoa magotini mwa mama yake, akaenda akasimama nyuma ya gari, katikati ya njia, mpaka Daktari akakanyaga breki. Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, Daktari, Mjomba, baba yake, mama yake, kisha akasema kwa sauti ya kusikika gereji nzima:

"Dada hamjamwomba msamaha."